TQM: kinu cha unga, maabara na ofisi ya mikopo vinaweza kwenda kwa mpango mmoja?

Mdodosi_Kati

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaoijua TQM, yaani usimamizi wa jumla wa ubora, kwa vitendo na si kwa nadharia ya darasani.

Taasisi ni moja, vitengo vitatu: kinu cha sembe kinachofungasha pakiti za kilo 2, kituo cha afya chenye maabara, na SACCOS inayokopesha wanachama. Bodi imeamua kwamba kuanzia Julai vyote viwe chini ya mpango mmoja wa TQM: fomu moja ya kuripoti kasoro, ripoti moja ya mwezi, na lengo moja la kupunguza kasoro kwa nusu ndani ya mwaka.

Kwenye kinu naiona njia: uzito, unyevu, chenga, mshono wa mfuko. Maabara ndiyo inanichanganya. Kasoro ni nini hapo? Majibu yaliyochelewa, au sampuli iliyokataliwa? Na faili la mkopo likirudishwa kwa mwanachama kwa sababu halina barua ya mwajiri, hiyo ni kasoro ya nani?

Maswali yangu ni haya. TQM inafanya kazi sawasawa kila sekta, au sifa zake zimetoka kwenye viwanda vya magari vya Japani tu? Kila kitengo kianze na kipimo gani? Tena bodi inapendekeza anayezalisha kasoro akatwe posho. Inasaidia?

---

ChatiNaKalamu

Mkuu, chimbuko lake si magari. Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya udhibiti, yaani mchoro wa vipimo kwa mfuatano wa muda wenye mstari wa kati na mipaka ya juu na chini, mwaka 1924 huko Marekani, akishughulika na vifaa vya simu. Mtakwimu Mmarekani W. Edwards Deming aliipeleka hesabu hiyo Japani mwaka 1950 kwa mwaliko wa chama cha wanasayansi na wahandisi wa huko, na tuzo yenye jina lake ikaanza mwaka 1951. Kiini chake ni kutenganisha mtikisiko wa kawaida wa mchakato na tukio lenye sababu yake maalumu. Hesabu hiyo haijali kama unapima unga, damu au mafaili.

Kinachobadilika kati ya sekta na sekta ni kasi ya majibu kumrudia mfanyakazi. Kwenye kinu pakiti inatoka kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo ukikosea saa mbili asubuhi, saa mbili na nusu chati imeshakuambia. Maabara unapata nukta moja ya uhakiki kwa siku au kwa zamu. Mkopo mbaya unajulikana baada ya miezi. Ndiyo maana TQM huonekana inang'ara viwandani na kusuasua maofisini: mara nyingi ofisi inasubiri matokeo ya mwisho badala ya kupima hatua za katikati.

Sasa kinu. Kila nusu saa chukua pakiti 5 zinazofuatana kutoka mashine ya kufungasha. Pima kwa mizani inayosoma gramu 1 au chini ya hapo, toa uzito wa mfuko mtupu. Andika namba mbili: wastani wa pakiti 5, na tofauti kati ya nzito kuliko zote na nyepesi kuliko zote. Usichore mipaka yoyote mpaka ufikishe mafungu 25 hivi.

Mfano wa hesabu: wastani wa jumla ni gramu 2,012, na wastani wa tofauti ni gramu 14. Kwa mafungu ya watano kizidishio ni 0.577, kwa hiyo mipaka ya chati ya wastani ni 2,012 kuongeza au kutoa 8.1, yaani 2,003.9 hadi 2,020.1. Mpaka wa juu wa chati ya tofauti ni 14 mara 2.114, sawa na gramu 29.6. Mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito unavyotawanyika kuzunguka wastani) wa pakiti moja moja ni 14 gawa kwa 2.326, sawa na gramu 6.

Hapo ndipo pesa ilipo. Mapendekezo R 87 ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, yanataka wastani wa shehena usiwe chini ya uzito ulioandikwa, na kwa pakiti za zaidi ya kilo 1 hadi kilo 10 yanaruhusu upungufu wa pakiti moja moja wa asilimia 1.5, yaani gramu 30 kwa kilo 2. Mchepuko ukiwa gramu 6, ukilenga 2,004 pakiti nyepesi kabisa itakuwa karibu 1,986. Bado uko salama, na umeokoa gramu 8 kwa kila pakiti. Kwa pakiti 10,000 kwa siku ni kilo 80 za unga ulizokuwa unagawa bure kila siku.

Mambo yanapoharibikia:

Mwendesha mashine anapima pakiti moja, anaikuta imezidi gramu 7, anapunguza gramu 7. Inayofuata imepungua 5, anaongeza 5. Anadhani anadhibiti, kumbe anaufukuza mtikisiko wa kawaida. Akifanya hivyo kila pakiti, mchepuko unapanda kwa takriban asilimia 41 kuliko angeacha mashine ilivyo. Mwongozo uwe wazi: gusa mashine pale tu nukta inapotoka nje ya mipaka, au nukta 8 mfululizo zinapokaa upande mmoja wa mstari wa kati.

Mashine ina midomo miwili ya kujazia na pakiti zinachanganywa kwenye fungu moja. Chati itaonyesha utulivu wa uongo, kwa sababu tofauti ya mdomo na mdomo imejificha ndani ya fungu na kuipanua mipaka. Kila mdomo uwe na chati yake.

Mtu anachora kiwango cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) au cha mteja kwenye chati na kukiita mpaka wa udhibiti. Mipaka ya udhibiti inatoka kwenye mchakato wenyewe, na kiwango kinatoka nje. Mchakato unaweza kutulia vizuri kabisa huku unazalisha kitu kibovu.

Na ukaguzi wa kweli wa kinu uko kwenye mlango wa kupokelea mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu zote kwa pamoja zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina B1 isizidi 5. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, kwa hiyo kuchota konzi moja juu ya gunia ni kujidanganya. Kanuni ya zamani ya kuchoma bambo (chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli ndani ya gunia) ni hii: magunia yasiyozidi 10 choma yote; 11 hadi 100 choma 10 bila kuchagua; zaidi ya 100 choma idadi sawa na kipeuo cha pili. Hiyo inatosha kwa unyevu na uchafu. Kwa sumukuvu ongeza, changanya, saga sampuli yote kwanza ndipo uigawe. Ukigawa punje kabla ya kusaga, unaweza kuiacha ile punje yenye sumu kwenye fungu ulilolitupa. Hili si jambo la kuremba ripoti: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya walirekodiwa wagonjwa 317 wa sumukuvu, na 125 kati yao walifariki.

---

Unyevu13

Nakubaliana na chati yote hapo juu, isipokuwa ule ushauri wa kushusha lengo hadi 2,004. Msiufanye kabla ya kujua maji yatapotea kiasi gani.

Pakiti ya gramu 2,000 iliyofungwa unga ukiwa na unyevu wa asilimia 13.5 ina gramu 1,730 za kitu kikavu. Ikikaa dukani Dodoma mwezi wa nane kwenye mfuko wa karatasi na unyevu ukashuka hadi 12.5, uzito wake ni 1,730 gawa kwa 0.875, sawa na gramu 1,977. Gramu 23 zimepotea hewani na hakuna aliyeiba. Mkaguzi wa vipimo akiipima dukani hatauona unyevu wa siku ya kufungasha, ataona upungufu.

Kwa hiyo chukua pakiti 20, zipe namba, zipime siku ya kufungasha, halafu wiki ya 2, ya 4 na ya 8, zikiwa kwenye ghala la kawaida na si ofisini. Nusu ziwe za karatasi na nusu za plastiki iliyofumwa yenye utando ndani, kama mnatumia zote. Kupungua utakakokuona ndiko kunakupa lengo la kujaza. Wengi watagundua kwamba kukausha mahindi vizuri kabla ya kusaga kunawalipa kuliko kubishana na mizani, maana unga mkavu hupoteza kidogo na hukaa muda mrefu bila kuota ukungu.

---

BiSampuli

Nije kwenye maabara. Mdodosi, usihesabu kasoro kama kitu kimoja. Gawa safari ya sampuli: kabla ya kipimo, wakati wa kipimo, baada ya kipimo. Kila sehemu ina mwenyewe wake na kipimo chake.

Sehemu kubwa ya makosa ya maabara hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine, tena mikononi mwa watu ambao si wa maabara. Jina kwenye chupa halilingani na fomu. Damu imeganda kwenye chupa ya EDTA (yenye dawa ya kuzuia damu isigande) kwa sababu haikupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara baada ya kutolewa. Chembe nyekundu zimepasuka kwa kuisukuma damu kwa nguvu kupitia sindano, na potasiamu inasomeka juu wakati mgonjwa hana tatizo hilo. Au mtu ameona chupa ya kawaida haijajaa, akamiminia damu ya chupa ya EDTA: potasiamu inaruka juu, kalsiamu inaanguka, na daktari anaanza kutibu karatasi badala ya mgonjwa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni sampuli zilizokataliwa kwa kila 100 zilizopokelewa, zikigawanywa kwa sababu na kwa chumba zilikotoka. Fomu ya kinu haitakufaa hapa, kwa sababu haina chumba wala sababu za kitabibu. Tumia chati ya sehemu ya kasoro. Mfano: mnapokea sampuli 400 kwa wiki, na kwa wastani asilimia 4 zinakataliwa. Zidisha 0.04 kwa 0.96, gawa kwa 400, chukua kipeuo cha pili, unapata 0.0098. Mara tatu yake ni 0.029. Mipaka ni takriban asilimia 1.1 hadi 6.9. Wiki ya asilimia 6 haina mchawi wa kumtafuta. Msimamizi anayeita kikao cha dharura wiki hiyo, kisha akajisifu wiki inayofuata iliposhuka hadi 3, hajabadilisha chochote. Ukitaka 4 iwe 2, rekebisha mfumo: chupa zenye rangi zipangwe kwa mpangilio wa kutolea damu kwenye kila trei, lebo iandikwe mbele ya mgonjwa na si baadaye kaunta, na wauguzi wapya waonyeshwe kwa mikono.

Wakati wa kipimo, maabara tayari wana chati yao ya udhibiti, ila wanaiita Levey-Jennings. Pima sampuli ya uhakiki kwa siku 20, pata wastani na mchepuko wenu wenyewe, kisha tumia kanuni za Westgard. Nukta moja nje ya michepuko 3, simamisha majibu. Mbili mfululizo nje ya michepuko 2 upande mmoja, simamisha, kuna kuhama kwa mfumo: kitendanishi kipya, urekebishaji wa mashine, taa inayochoka. Moja juu ya 2 na nyingine chini ya 2 kwenye mzunguko uleule, angalia mtawanyo: mapovu, pipeti, umeme unaoyumba.

Makosa mawili yanaua chati hii. La kwanza ni kurudia uhakiki mpaka "upite", kisha kuandika ule uliopita tu. La pili ni kutumia upana ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Upana huo umetengenezwa uzitoshe maabara nyingi, kwa hiyo ni mpana mno kwa maabara moja, na kosa litapita katikati yake bila kengele kulia.

Baada ya kipimo, usiripoti wastani wa muda wa majibu. Ripoti muda ambao majibu 90 kati ya 100 yametoka ndani yake. Wastani unaficha mama aliyesubiri saa tano nyuma ya watu saba waliosubiri dakika arobaini.

Kuhusu kama TQM inafaa hospitali: Tanzania ina mfano wake. Wizara ya Afya kwa ushirikiano na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, ilianza mwaka 2007 na hospitali ya rufaa ya Mbeya kwa njia ya ngazi: kwanza S tano (kupanga na kusafisha mahali pa kazi), kisha Kaizen (maboresho madogo madogo yasiyokoma), kisha TQM. Wazo lilitoka hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka. S tano kwa Kiswahili chetu ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ngazi hiyo ina mantiki, maana huwezi kupima muda wa kutafuta dawa kwenye kabati ambalo hakuna anayejua lina nini. Hatari yake ni vituo vingi kubaki ngazi ya kwanza. Lebo nzuri, mistari ya njano sakafuni, makabati yanang'aa, na kiwango cha sampuli kukataliwa kiko palepale. Kama miezi sita imepita na hakuna tatizo hata moja lililopimwa kabla na baada, mko kwenye usafi, hamjafika kwenye ubora.

Kwa maabara kuna pia mfumo wa nyota wa SLIPTA wa WHO kanda ya Afrika, sifuri hadi tano. Nyota ya kwanza inaanzia asilimia 55 ya alama, ya tano asilimia 95. Utumieni kama ramani yenu badala ya kubuni orodha mpya ya bodi.

---

FoleniNiHesabu

SACCOS imeachwa peke yake, niishike.

Swali la barua ya mwajiri lina jibu rahisi: kasoro ni ya hatua iliyolipokea faili bila barua. Mwanachama hakuelezwa mahitaji kwa namna aliyoielewa, na mpokeaji aliligonga muhuri likaingia ndani. Kanuni ya kwanza: faili lisilokamilika halivuki kaunta. Ila, na hapa wengi wanajikwaa, yahesabu pia yale yaliyorudishwa kaunta. Usipoyahesabu, takwimu za ndani zitapendeza huku mwanachama anapanda daladala mara tatu.

Kipimo cha pili: mafaili yanayopita hatua zote bila kurudi nyuma hata mara moja. Hesabu yake inashtua. Hatua tano, kila moja ikifanya sawa mara 90 kati ya 100, zinaonekana nzuri kila moja peke yake. Lakini 0.9 ikijizidisha mara tano ni 0.59. Mafaili 41 kati ya 100 yatarudishwa mahali fulani, na kila mkuu wa hatua atakuonyesha asilimia 90 yake kwa fahari. Hapa ndipo neno "jumla" kwenye TQM linapopata maana.

Muda: mafaili yaliyo ndani gawa kwa yanayokamilika kwa siku. Kama kuna 120 ndani na 8 yanatoka kwa siku, anayeingia leo atasubiri wastani wa siku 15, hata kazi halisi ikiwa dakika 50 tu. Kuwahimiza watu waandike haraka hakupunguzi chochote. Punguza yaliyolala: kamati ya mikopo inayokaa mara moja kwa wiki ikikaa mara mbili, rundo linaloisubiri linapungua kwa takriban nusu bila kuajiri mtu.

Kaunta nayo ina hesabu yake. Mhudumu mmoja, wateja wakija bila mpangilio na huduma zikipishana urefu: akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mteja husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa huduma. Kwa asilimia 90 ni mara 9. Kwa 95 ni mara 19. Huduma ikiwa dakika 6, hizo ni dakika 24, 54 na 114. Meneja anayejivunia kwamba mhudumu "hakai bure" ndiye aliyejenga foleni, na hakuna semina ya tabasamu itakayoiondoa.

Kwa ubora wa mkopo wenyewe, msiangalie asilimia ya mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 kwa jumla. Mkikopesha sana mwezi huu, mikopo mipya bado haijapata nafasi ya kuchelewa, namba inashuka na bodi inapiga makofi. Fuatilieni kwa mwezi iliotolewa: mikopo ya Januari ikifika miezi mitatu ikoje, ya Februari ikifika miezi mitatu ikoje. Hapo mtaona kama uchambuzi umeimarika au umelegea.

---

Zege28

Samahani kuingilia, mimi niko kwenye ujenzi. Hii ya kasi ya majibu ni mfupa wetu. Mchemraba wa zege unapondwa siku ya 28, na wakati huo ghorofa mbili zimeshapanda juu yake. TQM inawezekana kweli hapo?

---

ChatiNaKalamu

Zege28, inawezekana ukihamisha macho kwenda hatua za mwanzo za kazi. Ponda michemraba ya siku ya 7 pia, kwa saruji ya kawaida hutoa theluthi mbili hivi ya nguvu ya siku 28, ila hiyo nayo ni kuchelewa. Linalodhibitika saa ileile ni maji na vipimo. Tumia kipimo cha mporomoko wa zege bichi: koni ya milimita 300, tabaka tatu, kila moja mapigo 25, kwa kila shehena. Mporomoko ukibadilika na mchanganyiko ni uleule, maji yamebadilika.

Na tafadhali acheni kupima mchanga kwa toroli. Mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 hivi unaweza kuvimba kwa robo ya ujazo wake au zaidi, kwa hiyo toroli la asubuhi baada ya mvua na la saa nane mchana si mchanga sawa. Pima kwa uzito, na upunguze maji yaliyomo kwenye mchanga kutoka kwenye maji ya kuongeza.

Ugumu wa ujenzi uko kwingine: kila mradi una timu mpya, mafundi wa mkataba wa wiki, na mkandarasi mdogo aliyeshinda kwa bei ya chini. Kujifunza kunaondoka na watu. Palipo na mafundi walewale mradi hadi mradi, hizi mbinu hushika.

---

Mdodosi_Kati

Mmenifungua macho, nashukuru sana. Yamebaki mawili: kukata posho, na lengo la nusu. Pia mjumbe mmoja anasema tukipata cheti cha ISO 9001 ndiyo TQM yenyewe.

---

ZamuYaUsiku

Mkuu, kukata posho ndiko kutakakoua mpango mzima, nalisema bila kupepesa. Siku ya kwanza mtu akikatwa kwa kasoro aliyoiandika mwenyewe, daftari la kasoro linakuwa safi. Pakiti pungufu itachanganywa na nyingine, uhakiki uliogoma utarudiwa kimyakimya, faili litakaa droo. Deming aliweka kuondoa hofu miongoni mwa kanuni zake 14, na alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo ni ya mfumo, ambao ni wa uongozi. Unamkata mfanyakazi kwa mizani ambayo hakuinunua na mahindi ambayo hakuyapokea.

Lengo la nusu lina ugonjwa huohuo. Mpango ukianza vizuri, kasoro zinazoripotiwa huongezeka miezi ya kwanza, kwa sababu watu wameanza kuandika yaliyokuwepo siku zote. Bodi iambiwe hilo kabla ya Julai, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili Septemba mtu asisimame kusema TQM imeleta kasoro.

Kuhusu sekta: mwaka 1997 Hendricks na Singhal walilinganisha kampuni zilizoshinda tuzo za ubora na kampuni zinazofanana nazo, na washindi walikua zaidi kwa faida ya uendeshaji. Kazi yao ya mwaka 2001 ikaonyesha kampuni ndogo, na zile zisizotegemea mitambo mingi, zilifaidika kuliko kubwa zenye mitambo mizito. Kwa hiyo dhana kwamba ni mambo ya viwanda vikubwa haina mguu. Naye Powell, mwaka 1995, alikuta kwamba mbinu zenyewe, kama mafunzo ya ubora na kujilinganisha na wengine, hazikuwatofautisha waliofaulu. Kilichowatofautisha ni uwazi, mamlaka kwa wafanyakazi na uongozi uliojitoa. Hayo hayanunuliwi kwa mshauri.

Na tuzo haikingi. Florida Power & Light, kampuni ya umeme, ilikuwa ya kwanza nje ya Japani kushinda Tuzo ya Deming, mwaka 1989. Muda mfupi baadaye uongozi mpya ulikata sehemu kubwa ya mfumo huo, kwa sababu wafanyakazi walilalamikia makaratasi. Wallace ya Houston, wauzaji wa mabomba na vali, ilishinda Tuzo ya Baldrige, tuzo ya taifa ya ubora ya Marekani, mwaka 1990, na mwaka 1992 ikaomba kinga ya kufilisika. Ubora haukuziba pengo la soko la mafuta wala gharama za mpango wenyewe.

ISO 9001 inathibitisha kwamba mna mfumo wa kuendesha kazi na mnaufuata. Haithibitishi unga. Alama ya ubora ya TBS kwa bidhaa ni kitu kingine, na ithibati ya maabara kwa ISO 15189 ni kitu kingine tena. Cheti kinaweza kuja, ila kisiwe ndicho kinachokimbiliwa.

Bodi ikitaka namba moja ya kulinganisha vitengo vitatu, ni shilingi. Gawa gharama kwenye mafungu manne: kuzuia, kukagua, kasoro zilizonaswa ndani, kasoro zilizomfikia mteja. Kinu kina gramu za ziada na unga uliorudiwa kufungashwa. Maabara ina vitendanishi vya vipimo vilivyorudiwa na wagonjwa walioitwa tena kutolewa damu. SACCOS ina saa za kushughulikia mafaili yaliyorudi na makato yaliyokosewa kwenye mishahara. Fomu za kasoro ziwe tatu tofauti, ila ukurasa wa gharama uwe mmoja.

Na badala ya adhabu, wape mamlaka ya kusimamisha. Mwendesha mashine asimamishe ufungashaji nukta ikitoka nje, mtaalamu wa maabara azuie majibu bila kuomba ruhusa kwa daktari, mpokeaji wa SACCOS akatae faili hata likiwa la mjumbe wa bodi. Liandikwe kwenye mwongozo wa kazi na lisainiwe na mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu siku ya kwanza litakapojaribiwa ni faili lake au la jamaa yake litakalokuwa kaunta.

---

BiSampuli

Naongeza moja kwa ZamuYaUsiku: anayesimamisha ajibiwe. Mahali pengi mtu anazuia majibu, anaandika, na hakuna anayekuja. Mara ya tatu hazuii tena. Weka muda: msimamizi wa zamu afike ndani ya dakika 15, na kilichoamuliwa kiandikwe kwenye chati ileile, pembeni ya nukta ileile, si kwenye faili jingine.